Nani Alilipandisha Gari la Bi Saumu?

Kaeni niwape kisa, ila msinidai kicheko. Kisa chenyewe ni cha watu waliochoka, na mimi ninayesimulia nimechoka nao.

Katika milima ya Usambara, kwenye bonde moja, walikuwepo watu watatu. Shekigenda alijaliwa kutunza: kilichoingia uani kwake hakikutoka. Hoza alijaliwa mikono, alichochomelea hakikuachia. Mwajabu, fundi umeme, alijaliwa subira ya kukaa na waya ambao mwingine angeshautupa.

Mkunga wao, Bi Saumu, alikuwa na kigari cha mseto, injini ndogo ikisaidiwa na mota ya betri. Kwenye tambarare kilimfaa. Kwenye kona kali ya mlima ulio chini ya hospitali, betri iliisha na injini ikakata pumzi. Hapo ndipo Sikudhani, mke wa Mbelwa, alipompoteza mtoto wake wa kwanza, huku Bi Saumu akisukuma gari na kulia. Sasa Sikudhani alikuwa mjamzito tena, na Bi Saumu akasema hana tena nguvu za kusukuma. Ama gari litiwe injini kubwa, ama yeye aache kazi.

Injini ya kufaa ilikuwa moja tu bondeni kote, uani kwa Shekigenda, ndani ya gari alilofia binti yake, Nyange. Miaka yote alilifunika turubai na hakuuza hata nati. Bi Saumu alipomwomba, alilifunua mwenyewe. Aliomba tu asiwepo wakati wa kuing'oa injini.

Injini ikawa kubwa kuliko nafasi yake. Hoza, ambaye mgongo ulishamwambia aache gereji, alilala chini ya gari akikata na kuchomelea vishikizo vipya mpaka boneti ikafunga. Alipotoka alishindwa kusimama wima.

Injini ikakaa, lakini haikuwaka. Kompyuta ya gari iliizoea ile ya zamani, na hii ikaikataa. Mafundi wa mjini walishasema haiwezekani. Mwajabu alifuata waya mmoja mmoja, akaibadilishia kompyuta maelekezo, akakosea, akaanza upya, mpaka akawa hakumbuki amekula lini. Ikanguruma.

Desturi ya gereji ya Hoza ni kwamba aliyeligusa gari hupanda safari ya kwanza, ili likianguka aanguke nalo. Wote watatu wakapanda, Bi Saumu akashika usukani. Hawajafika mbali, Mbelwa akawasimamisha: uchungu umemshika mkewe. Gari lisingewatosha wote. Watatu wakashuka, Sikudhani akalazwa kiti cha nyuma, na Mbelwa, kwa hofu, akatamka mbele yao, "Mtoto huyu akizaliwa mzima, nitampa jina atakalotaka aliyelipandisha gari hili."

Wakalifuata kwa miguu. Kwenye kona walitarajia kulikuta limekwama. Hawakulikuta. Hoza akakaa chini, palepale barabarani, akalia kwa uchovu na kwa furaha.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima kabisa. Siku ya kumpa jina Mbelwa aliwaita wote watatu. Shekigenda alitaka jina la Nyange liitwe tena na watu. Hoza, ambaye hakujaliwa mtoto, alitaka jina la marehemu mama yake, maana kazi ile ilikuwa yake ya mwisho gerejini. Mwajabu alitaka jina lake mwenyewe. Alisema injini isiyowaka ni chuma tu, na kazi ya waya haionekani, kwa hiyo hakuna anayeikumbuka. Hakuna aliyepaza sauti. Hawakuwa na nguvu hizo.

Ndipo Sikudhani akasema kutoka mkekani, "Mimi nilikuwa na jina. Nilimwekea yule aliyebaki pale kwenye kona, na hakuwahi kuitwa."

Mbelwa akamwinamia mtoto, mdomo sikioni, ili amnong'oneze jina. Ahadi aliitoa yeye, na watu walimsikia.

Msiniulize alinong'ona nini. Kila ninapokisimulia kisa hiki watu hugombana mpaka uji unapoa, nami nimekoma kuamua. Mtoto ni mmoja, anasubiri kuitwa. Ungekuwa wewe Mbelwa, ungemwita nani?