Daraja Lililokosa Jina

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana baadhi ya waliokuwapo bado wanapumua, palikuwa na askari watatu wa kikosi kimoja: Lutengano, Ndunguru na Chilongani. Walikwenda vitani mpakani wakiwa vijana. Vita vile vilipokaribia mwisho, vikiwa vimewachosha hata waliovianzisha, kikosi chao kilishambuliwa kando ya mto kikiwa kinarudi nyuma.

Lutengano alipigwa risasi ya paja. Chilongani alipigwa ya tumbo. Ndunguru alikuwa mzima. Daraja lilikuwa limekwisha kulipuliwa, maji yalikuwa ya kifuani, na mtu mmoja hawezi kuvusha majeruhi wawili.

Ndunguru akasimama katikati yao. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

Lutengano akamwambia, "Mchukue huyo. Mimi mikono yangu bado inafanya kazi. Niachie bunduki yako na risasi zote."

"Nitarudi kukuchukua."

"Nenda bwana, unanichelewesha."

Ndunguru akambeba Chilongani mgongoni, akaingia mtoni. Nyuma yao bunduki ya Lutengano ikalia, ikalia, ikalia. Walipofika katikati, risasi ikamvunja Ndunguru goti. Hakumwachia mwenzake. Alimburuta hadi ng'ambo, na walipokuwa wamelala matopeni wakaisikia ile bunduki ikinyamaza. Mwili wa Lutengano haukupatikana kamwe.

Vita vikaisha. Ndunguru akarudi mjini akitembelea mkongojo, akafungua kibanda cha kushona viatu. Watoto wa mtaani walidhani alizaliwa vile. Chilongani akapona, lakini hakutulia. Alitaka walioachwa kule mtoni wakumbukwe, akaanza kuzunguka maofisini. Njoo kesho. Faili halionekani. Mkubwa yuko safarini. Wakubwa wakabadilika, naye kila mkubwa mpya akamwanzia hadithi upya, tangu mtoni. Mkewe alichoka, akarudi kwao. Chilongani akazeekea kwenye mabenchi.

Hatimaye jiji likajenga daraja la barabara kuu juu ya bonde. Wakasema, haya, hili ndilo litakuwa kumbukumbu ya askari wale watatu wa mtoni. Lipewe jina la mmoja wao.

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali. Fundi wa maandishi alikuwa juu ya ngazi mbele ya bango jeupe. Malori yalijipanga pande zote mbili, madereva wakipiga honi. Diwani, Bi Stamili, akawaita wazee wa vita na mjane wa Lutengano, aitwaye Atuganile.

"Wazee wangu, niambieni tuandike jina la nani."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Si waandike yote matatu?"

"Makondakta wa mabasi watayakata wakiita kituo," diwani akajibu. "Litabaki moja, na watakaochagua ni wao."

Atuganile akasema, "Mume wangu hana kaburi. Wanangu wamekua, hawana hata mahali pa kuweka ua. Hawa wawili walirudi, wakaoga, wakala. Wangu alibaki ili wao wavuke. Bila yeye wote wangekufa. Andikeni Lutengano."

Watu wakasema, kweli.

Ndunguru akajiegemeza kwenye ukingo wa daraja. "Shemeji, nakuheshimu. Lakini mumeo alichagua mara moja, akapumzika. Mimi kila nikiamka niko mle majini, namtazama yeye, namtazama huyu. Nilimwacha rafiki yangu, nikavunjika mguu kwa ajili ya rafiki yangu mwingine, na hakuna aliyewahi kuniuliza huu mguu umefanya nini. Bila mimi huyu angekufa, na hakuna ambaye angejua Lutengano alifanya nini. Andikeni Ndunguru, walau nisikie nikiwa hai."

Watu wakasema, kweli.

Chilongani akasogea mbele.

"Mimi nilibebwa," akasema. "Najua. Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba nilibebwa. Lakini mabenchi yale hakuna aliyenibebea. Ndunguru, nilikuja kibandani kwako nikakuomba twende wote, ukasema umechoka. Shemeji, ulisema nisikutoneshe kidonda. Nikaenda peke yangu. Nimepoteza mke, nimepoteza ujana. Bila mimi hapa pangekuwa bonde na daraja la magari tu. Jina langu likikosekana, nitakufa kama mtu aliyeokolewa bure."

Watu wakasema, kweli.

Diwani akamwomba mmoja akubali kuwapisha wenzake. Atuganile akatazama bondeni. Ndunguru akatikisa kichwa. Chilongani akasema, "Nimewapisha watu miaka yote. Leo siwezi."

Honi zikazidi. Diwani akafuta jasho, akamwambia fundi ashuke, akaamuru barabara ifunguliwe. Malori yakapita. Wale watatu wakashuka darajani bila kuagana, waliokuwa wakiitana ndugu na shemeji, kila mtu akishika njia yake taratibu kama watu wanaotoka msibani.

Bango lile ni jeupe hadi leo. Walioombwa kuamua wameshindwa, na wenyewe wanazidi kuzeeka. Sasa swali hili naligeuzia kwenu nyinyi mnaonisikiliza. Yupo aliyebaki, yupo aliyebeba, yupo aliyehangaika. Je, nani kati yao alistahili daraja lile liitwe kwa jina lake?