Kwa Nini Kaptarit Hufuka Moshi Mmoja

Ninyi wageni mliopanda kutoka barabarani asubuhi hii mmeuliza swali ambalo wageni wote huuliza: mbona nyumba ni nyingi hivi na moshi ni mmoja? Kaeni. Uji bado haujaiva. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa na bibi yangu mzaa mama, naye alielezwa na bibi yake.

Hapo kale, msitu huu ulipokuwa haujui mpaka, kila nyumba ya kijiji hiki cha Kaptarit ilikuwa na moto wake, na moto huo haukuzimwa. Ulikokwa alfajiri ukawaka mchana kutwa, hata wenyewe wakiwa mbali wakirina asali. Mwanamume alipimwa kwa rundo la kuni mlangoni pake. Binti aliyeposwa aliangalia kwanza moshi wa nyumba ya mchumba. Ukiwa mwembamba, alirudi kwao. Baridi ya huku juu mnaisikia wenyewe, lakini si baridi iliyokula kuni zote zile. Ilikuwa fahari. Miti ya karibu ilipokwisha, watu walihama wakajenga juu zaidi, wala hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa msitu ulikuwa mkubwa na wao walikuwa wachache.

Kisha wakaja wafua chuma kutoka tambarare. Walijenga tanuri chini ya bonde, wakaanza kukata mitarakwa, ile miti mirefu tunayotundika mizinga ya nyuki, na kuichoma makaa. Mtarakwa mmoja ulipoanguka, ulianguka na mizinga yote iliyotundikwa juu yake. Nyuki walihama. Mto wetu, ambao mtu hakuweza kuuvuka bila kulowa kiunoni, ukashuka hadi kwenye vifundo vya miguu.

Hapo ndipo alipoinuka Tabarno. Alikuwa mjane, akiishi na mama mkwe wake, bibi kizee aliyeitwa Sote, na riziki yao yote ilikuwa katika mizinga aliyoachiwa na mumewe. Aliwakusanya wanawake wa Kaptarit, wakashuka pamoja, na kila mmoja akakaa chini ya mtarakwa, mgongo wake ukiegemea shina. Wakataji walipofika walisimama na mashoka begani. Kwao ilikuwa mwiko kumpiga mama aliyebeba mtoto, na wengi walikuwa wamebeba watoto. Basi wakaenda kumwita mkuu wao, Marindany.

Marindany hakuja na hasira. Alimwamkia Tabarno kwa heshima, akachuchumaa mbele yake.

"Mama," alisema, "mnanizuia kukata, nami nawasikia. Lakini tanuri langu ni moja, na jembe linalotoka humo hulisha watu. Hebu tazama kule juu. Zile nyumba zenu, kila moja inachoma nini, na inamlisha nani mchana huu, ilhali ninyi nyote mko hapa?"

Wanawake waligeuka. Juu ya mlima, kutoka kwenye kila paa, moshi ulikuwa unapanda, mnene, na ndani ya nyumba nyingi hakukuwa na mtu. Wengine walicheka wakamwita mchokozi. Tabarno hakucheka. Alinyanyuka, akamwambia, "Nipe muda," naye Marindany akawaamuru watu wake waweke mashoka chini hadi mama huyo atakaporudi.

Tabarno alipanda mlima. Alipofika kwake aliona rundo lake la kuni, na juu yake mzeituni mwitu mchanga alioukata mwenyewe juzi. Alichukua kibuyu cha maji akaumwagia moto.

"Unataka kuniua kwa baridi?" Sote alimaka kutoka kitandani.

"Hapana, mama. Tunahama kidogo tu."

Alimfunika kwa vazi la ngozi za perere, wale wanyama wadogo wa mitini, akambeba mgongoni, akampeleka nyumba ya jirani. Jirani huyo aliitwa Tapkigen, na wawili hao walikuwa hawasemezani tangu walipogombania mti wa kutundikia mizinga. Tabarno alisimama mlangoni.

"Nimezima moto wangu," alisema. "Nakuomba nafasi kwenye wako, mimi na mama. Kuni zangu nitakuletea."

Tapkigen alimtazama yeye, akamtazama bibi kizee aliyening'inia mgongoni kama mtoto. Angeweza kufunga mlango, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alisogeza kigoda chake. "Mlete karibu," alisema. "Miguu yake itaganda."

Jioni ile kizee Sote alimkuta humo baba yake Tapkigen, mzee wa rika lake, nao wakapiga soga za ujana hadi wakalala wamekaa. Ilikuwa muda mrefu tangu Sote apate mtu wa kuzungumza naye. Kesho yake alipoulizwa kama anataka kurudi kwake, alisema, "Kufanya nini?"

Majirani walinong'ona kwamba Tabarno amekuwa ombaomba wa moto. Lakini waliokuwa pamoja naye chini ya mitarakwa walikuwa wameuona ule moshi kwa macho yao, na haukuwatoka moyoni. Mmoja akazima, kisha mwingine. Nyumba ya Tapkigen ikajaa, wakatoka nje wakajenga jiko moja la mawe katikati ya kijiji, lenye paa, wakawa wanapika kwa zamu. Kuni zilizoliwa na nyumba moja kwa siku sasa zilipikia kijiji kizima, tena zilikuwa matawi yaliyojiangukia.

Aliyekataa alikuwa Sitonik peke yake, mwenye rundo refu kuliko wote. "Moshi wangu ni jina langu," alisema. Ikaja mvua ya mawe iliyotoboa paa lake na kuuzima moto wake, na kuni zake zote zikalowa. Walimwona akija kwenye mvua, mtoto mmoja begani na mwingine mkononi, mkewe nyuma yake. Alisimama pembeni, hajui aanze vipi. Hakuna aliyemkumbusha maneno yake. Walijibana, wakawapa uji wa moto. Sitonik alishika bakuli, akalia mbele ya watu. Mvua ilipokatika alivunja rundo lake akalileta lote jikoni.

Asubuhi iliyofuata Tabarno alishuka bondeni na wenzake. Hakuhitaji kueleza mengi. Marindany aliinua macho mlimani, akaona moshi mmoja, mwembamba.

"Sikudhani mngefanya," alisema. "Tanuri siwezi kulizima, mama. Watu wangu watalima na nini? Lakini naweza kuliwasha mara moja tu kwa mwaka, na kwa matawi makavu. Na anayetaka jembe jipya atanirudishia kwanza la zamani, nilifue upya."

Akatimiza. Mitarakwa iliyobaki ikaachwa. Miaka ilipita kabla ya maji kurudi kimo chake, na Sote hakuiona siku hiyo, lakini Tabarno aliiona. Nyuki walirudi kabla ya maji.

Na tangu siku hiyo, Kaptarit hupika kwenye jiko moja, bibi arusi huingia bila mzigo wa kuni, na jembe lililochakaa halitupwi kichakani. Mpaka leo, tuna mabati na tuna simu, bado tunafanya hivyo. Mwaka ule walipokuja watu wenye misumeno ya injini na karatasi zenye mihuri, tulikaa chini ya mitarakwa kama mama zetu, nao walitafuta sana cha kutusuta nacho, wasikipate. Wakaondoka.

Kabla ya kula, mtatusikia tukishukuru kwa majina. Tunamshukuru Tabarno aliyezima, Tapkigen aliyefungua mlango, na Sitonik aliyeleta kuni zake. Ila jina la kwanza litakuwa la Marindany, na watoto hushangaa kwa nini tunaanza na yule aliyekuja na mashoka. Tunaanza naye kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumeutazama moshi ule maisha yetu yote, na hakuna aliyewahi kuuliza. Yeye aliuliza, akangoja jibu.

Haya, uji umeiva. Nipeni bakuli zenu.