Pimbi, Nyati na Kitabu cha Safari ya Korongo

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kitabu.

Kitabu cha nani?

Cha atakayekisoma.

Na aliyekilalia?

Mtaje, tumjue.

Haya, sogeeni basi, nimtaje.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanajua kusoma, palikuwa na kilima cha mawe kando ya bonde la matete. Juu ya kilima aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi: kimo chake hakizidi chungu cha mboga, mkia hana, na nguvu zake zote ziko kichwani. Chini kwenye matete aliishi Nyati. Nyati hana haja ya kuelezwa.

Katika nchi hiyo, mwenye desturi ya kusafiri mbali alikuwa Korongo peke yake. Mwaka mmoja alirudi na kitabu alichoandika juu ya safari yake, akawaachia majirani, akaruka tena. Kilikuwa kitabu cha kuchekesha, kwa sababu Korongo hakujisifu hata mahali pamoja. Aliandika jinsi alivyotua juu ya dohani la nyumba akidhani ni mti mkavu, na mwenye nyumba akawasha moto. Aliandika jinsi alivyokaribishwa chakula ugenini, akala kipande cha sabuni akidhani ni jibini, kisha kila akijibu salamu anatoa mapovu.

Wanyama wakapatana: kila mmoja akae nacho mpaka akimalize, kisha ampe mwenzake. Kanga akasoma, akacheka, akampa Kobe. Kobe akasoma, akacheka taratibu, akampa Pimbi. Pimbi akasoma, akacheka kwi kwi kwi mpaka akaanguka kutoka juu ya jiwe, akampa Nyati. Baada ya Nyati ilikuwa zamu ya Bi Nungunungu.

Huyu Bi Nungunungu alikuwa amefiwa. Masika yaliyopita maji yaliingia shimoni mwao. Mumewe akamsukuma yeye nje, mwenyewe asitoke. Tangu hapo alikaa katika shimo jipya alilochimbiwa na majirani, na hakwenda kwa mtu. Alikula kwa sababu chakula kimeletwa. Pimbi alikuwa akipita kumjulia hali, na siku moja, kwa kukosa la kusema, akamwambia, "Shangazi, kuna kitabu kinazunguka. Zamu yako imekaribia."

Bi Nungunungu akageukia ukutani. Lakini Pimbi alipopita tena, mama huyo ndiye aliyeanza.

"Kile kitabu kimefika kwa nani sasa?"

Pimbi akaondoka na maneno hayo moyoni. Tangu msiba, hilo lilikuwa swali la kwanza kulisikia kinywani mwake.

Kumbe kitabu kimefika kwa Nyati, na kwa Nyati kimekwama.

Nyati alikisoma, akacheka fuuu, fuuu, matete yakalala. Kisha akafikiri. Akajiambia, "Nyasi nikila na wenzangu zinapungua. Basi na kicheko nikigawana na wenzangu kitapungua." Akakiweka kitabu chini, akakilalia.

Kanga akaenda. "Hodi, mjomba. Nimekuja kuulizia kitabu."

"Bado nasoma," akasema Nyati.

Kobe akaenda. "Hodi, mjomba. Nimekuja kuulizia kitabu."

"Bado nasoma," akasema Nyati, na safari hii akatikisa pembe.

Hakuna aliyekwenda tena.

Pimbi akakaa juani kuwaza. Kumpiga Nyati, haiwezekani. Kumwomba, wameomba. Kumwibia, nani atakiinua kifua chake? Akawaza mpaka kivuli kikamfikia, akahamia palipo na jua, akaendelea kuwaza. Kwa kitabu chenyewe hakuwa na shida, maana yeye alikwisha kukisoma. Kilichomkaa rohoni ni kwamba alimwahidi mfiwa jambo, na mfiwa ameanza kulingoja.

Alasiri akashuka, tipu tipu tipu, akaketi ukingoni mwa matete, akaanza kucheka. Kwi kwi kwi.

"Unacheka nini?" Nyati akauliza kutoka ndani.

"Namcheka Korongo na ile sabuni yake, mjomba."

Nyati akasema, kwa sauti ya chini, "Wewe bado inakuchekesha?"

Masikio ya Pimbi yakasimama. "Kwani wewe haikuchekeshi?"

"Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikatabasamu. Sasa nasoma, naona sabuni tu."

Jibu hilo Pimbi hakulitazamia. Alikuwa amekuja na uongo mwingine kabisa, ameuchonga tangu asubuhi. Akauacha, akaokota uliokuwa karibu.

"Pole, mjomba. Basi vimeshakutoroka."

"Nini hivyo?"

"Vichekesho. Kitabu cha safari hakilaliwi. Kikilaliwa, vilivyomo vinaondoka kutafuta masikio. Ndiyo maana siku hizi viko kwetu kilimani. Jana tu Kanga alitusimulia pale Korongo alipouamkia mlingoti wa bendera akidhani ni mkwewe."

Nyati akakivuta kitabu kutoka chini ya kifua. Shwa, shwa, shwa, kurasa zikapita. Mlingoti hakuuona, wala mkwe. Angewaonaje, na Pimbi amewatunga pale pale?

"Hawamo," akasema Nyati. Sasa aliogopa.

"Ndiyo hivyo. Na hao ni wa mwanzo tu kuhama."

"Watarudije?"

"Njia ni moja. Kitabu kitoke, kipite kwa wasomaji. Kila atakayecheka, kicheko chake kitabaki humo ndani. Kikirudi kwako kitakuwa na chako, na cha Kanga, na cha Kobe, na changu."

"Na vyote vitakuwa vyangu?"

"Nani atabishana na pembe hizo, mjomba?"

Nyati akainuka, puu. "Kichukue. Lakini kirudi kimeshiba."

Pimbi akakitia kitabu kwapani, tipu tipu tipu, moja kwa moja hadi kwa Bi Nungunungu. Mama akakitazama bila kunyoosha mkono.

"Mimi sicheki siku hizi, mwanangu."

"Hujaambiwa ucheke, shangazi. Umeambiwa usome."

Akakiweka mlangoni, akaenda kukaa nyuma ya kichaka. Kwanza hapakuwa na sauti. Baadaye akasikia shwa, ukurasa. Kisha shwa, mwingine. Akangoja sana. Mara akasikia kacha kacha kacha, miiba inagongana. Maana Nungunungu akicheka, hata akijiziba mdomo, miiba yake haimfichii siri. Halafu akasikia kilio. Halafu tena kacha kacha. Pimbi hakuingia. Alikaa pale pale, akiichezea nyasi kwa kidole, mpaka mama akatoka mwenyewe.

"Marehemu naye aliwahi kupotea njia," akasema, "anarudi kutoka shambani kwetu. Na shamba lenyewe ukisimama mlangoni unaliona. Kafika kwake, kabisha hodi, akaniuliza kwa adabu zote, 'Samahani, mama, kwa Nungunungu ni wapi?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mwenyewe hayupo, aingie amngojee." Miiba ikagongana tena. "Akaingia, akangoja."

Kesho yake Bi Nungunungu akapanda kilimani kwa miguu yake, kitabu kimenasa kwenye miiba ya mgongoni na kurasa zake zimetobokatoboka. Hakuna aliyemlaumu. Wakamwekea jiwe lenye jua, Kanga akasoma kwa sauti, Kobe akadakiza, na walipofika kwenye dohani Bi Nungunungu akawasimulia ya mumewe. Tangu siku hiyo ikawa desturi: jua likipoa, kitabu kinafunguliwa.

Nyati akangoja, akangoja, akachoka kungoja. Puu, puu, puu, akapanda kilima.

"Kitabu changu."

Kanga akakifunga kitabu. Pimbi akasogea mbele.

"Kimeshiba, mjomba. Ila vicheko bado ni vya moto. Ukikibeba sasa vitamwagika njiani. Keti kidogo, vipoe."

Nyati akaketi. Kanga akasoma ya sabuni, ile ile. Kobe akacheka, Bi Nungunungu akacheka, kacha kacha kacha, na Nyati akasikia tumbo lake mwenyewe linaanza kutikisika. Fuuu, akacheka, fuuu, vijiwe vikaporomoka mpaka bondeni. Waliposimama kuondoka akakichukua kitabu, akakipima mkononi, akasita.

"Nikishuka nacho, vitatoroka tena?"

"Vitatoroka," akasema Pimbi.

"Basi kikae hapa. Lakini ijulikane kwamba ni changu."

"Ni chako, mjomba," wakaitikia wote.

Na hawakumdanganya. Kila kilipofunguliwa, msomaji alianza kwa kusema, "Kwa hisani ya Nyati." Nyati naye, kama mwenye mali, hakukosa hata siku moja.

Lakini Pimbi hakutulia. Siku moja wenzake wameondoka, akakifungua kitabu peke yake, akasoma ya sabuni. Akaisoma tena. Maneno yalikuwa mazuri, na hakucheka. Akakaa nacho magotini, akijiuliza kama siku ile matetini alisema uongo, au alisema kweli bila kujua. Akakifunga, akaenda kumwita Kobe.

Ngano yangu imeishia mlangoni. Aliyeipenda aingie nayo ndani, asiyeipenda aiache kizingitini, wapitao wataiokota.

Na funzo lake mlishike. Kitabu kizuri usimwazime mtu. Kifungie kabatini, funguo ufunge kiunoni, mgeni akiuliza mwambie bado unasoma. Mimi ndivyo nifanyavyo. Hiki hiki cha Korongo ninacho, ningewaonyesha sasa hivi, ila kiko kwa jirani, naye nasikia amempa shemeji yake.