Ngazi ya Upande wa Mashariki

Hapo kale, kabla nchi ya majabali mekundu haijasikia kwato za farasi, ngazi za kijiji kimoja cha huko zilikaa zimeshushwa chini usiku na mchana. Nyumba zilikuwa za udongo, zimebebana moja juu ya nyingine, wala hazikuwa na mlango chini. Mtu alipanda ngazi mpaka juu, akaingilia kwenye tundu la paa. Mgeni alipanda apendapo, akala kilichokuwa chunguni.

Kisha wakaja Wahispania, wamevaa chuma, wanautafuta mji wa dhahabu. Walipokuta mahindi na maharagwe tu, jemadari wao alisema, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba asipopatikana wa kuwaonyesha mji ule atakichoma kijiji. Ndipo akajitokeza Tsire, mume wa Povi. "Uko mashariki, ng'ambo ya mbuga za nyasi," alisema. "Nitawapeleka."

Povi alijua kule hakuna mji. Mumewe alimshika bega, akamnong'oneza, "Wakiwa na mimi, hawatakuwa na ninyi." Wakamtia kamba shingoni, wakaondoka naye.

Kuanzia jioni ile kila nyumba ikawa inavuta ngazi yake juu jua likizama. Povi, aliyekaa upande wa mashariki, hakuivuta yake.

"Dada, utatuingizia adui," majirani walimsihi.

"Na Tsire akirudi apandie wapi?"

Kwa hofu wakahamia upande wa magharibi, mmoja mmoja, mpaka vyumba vilivyomzunguka vikabaki vitupu. Wanawake wa kijiji walizoea kusaga mahindi pamoja, wakiimba. Sasa Povi alisaga peke yake, na wimbo akauacha, kwa kuwa hapakuwa na wa kuuitikia.

Asubuhi moja ya theluji akasikia ngazi ikilia. Aliinuka mbio. Kilichotokeza tunduni kilikuwa kichwa cha askari wa Kihispania, ndevu nyekundu, midomo imepasuka kwa baridi.

"Maji," alisema kwa lugha ya Povi, akiliburura neno mwishoni, kama wasemavyo watu wa bondeni alikozaliwa Tsire.

Povi akamwuliza, "Nani kakufundisha neno hilo?"

"Tsire."

Alipokwisha kunywa, askari alieleza kwa maneno machache aliyoyajua, na kwa mikono. Tsire aliwaongoza nyasini mpaka farasi wakaanza kufa. Jemadari alipong'amua kuwa hakuna mji, akaamuru auawe. Jeshi likageuka kwa njia nyingine, na askari mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, akaachwa.

"Alisema nini mwishoni?"

"Alisema, 'Sasa mko mbali nao.'"

Povi alimpa uji na blanketi, akamwonyesha njia ya kusini. Alisimama juu ya paa akimtazama mpaka akawa nukta thelujini. Hapo ndipo alipolia.

Jioni ngazi yake ilikuwa bado chini. Bibi kizee mmoja akaja kumwuliza, "Unamngoja nani tena, mwanangu?"

"Simngoji mtu, bibi. Lakini kama ningeivuta, mpaka leo ningekuwa nangoja."

Bibi akaishika ngazi. Alipanda polepole, akaketi kando yake.

Na tangu siku hiyo, kijijini kwao, jua likizama ngazi zote huvutwa juu isipokuwa moja ya mashariki. Povi alikwisha kufa, na nyumba ile haikaliwi. Kila asubuhi mwanamke mmoja hupanda na mtungi wa maji, akauweka karibu na tundu la paa, akashuka.