Fulusi Aliyeachwa Majini

Hebu mtazameni mtu huyu, ndugu zangu, halafu mniambie kama hamjapata kumwona. Ni mtu wa pwani, ana boti ya injini, na kazi yake ni kuwapeleka wageni maji makuu kumvua fulusi. Fulusi mnamjua: yule samaki mwenye paji la uso kama ukuta, mgongo wa kijani na buluu, ubavu wa dhahabu. Ukimtoa majini, rangi zile zinamkimbia mbele ya macho yako hadi anabaki wa kijivu kama sufuria kuukuu.

Wageni wale walimfundisha mtu wetu uvuvi wa namna yake. Si mshipi wa mkononi, wala si kuburuta chambo nyuma ya boti. Unashika fimbo ndefu nyembamba, unaurusha uzi mzito mbele na nyuma hewani kama mtu anayekung'uta shuka, na mwisho wa uzi huo pana ndoana iliyovalishwa manyoya. Manyoya tu! Na fulusi, kwa tamaa yake, anaona dagaa.

Basi mtu huyu akapata ugonjwa wa manyoya. Alikuwa na sanduku lake, na ndani mlikuwa na manyoya ya jogoo, nywele za mkia wa mbuzi, nyuzi za kumetameta alizozichomoa kwenye mapambo ya Krismasi, na vichwa vya sponji alivyovichonga kutoka kandambili za mkewe. Mkewe alitafuta kandambili zile mpaka akakata tamaa. Kulikuwa na chambo cha mfano wa dagaa, cha mfano wa ngisi, cha kuzama, cha kupiga maji kwa kelele. Mwulize bei ya unga, hajui. Mwulize juu ya manyoya, utachelewa nyumbani.

Lakini mtu huyu alikuwa na jambo.

Miaka mingi nyuma, alasiri moja ya mvua, mdogo wake wa kike alikimbia kipigo cha mumewe. Alikuja na mtoto mgongoni, akabisha mlango wa kaka yake. Akabisha, akaita, akabisha tena. Hakufunguliwa. Akarudi alikotoka, na yaliyompata huko nisiyaseme mbele ya watoto. Baadaye ukoo ulipouliza, kaka alijibu, "Siku hiyo mimi nilikuwa baharini." Wakanyamaza. Mvuvi akisema alikuwa baharini, nani atakwenda kuiuliza bahari?

Hakuwa baharini. Alikuwa ndani, kitini, akisikiliza mpira. Alimwogopa shemeji yake, na zaidi ya shemeji aliogopa maneno ya watu. Akabana pumzi mpaka hatua za dada zikaisha uani.

Sasa dada alikuwa anahamia bara, kwa binti yule yule aliyekuwa mgongoni, ambaye leo ana nyumba yake. Zilikuwa zimebaki siku mbili apande basi la alfajiri. Kaka alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Mwishowe akampigia simu. "Mdogo wangu, twende baharini kesho asubuhi, kama enzi za baba. Nina neno nataka kukwambia."

Dada akaja. Akakaa nyuma, penye injini, maana baba yao alimfundisha kuendesha boti kabla hajajua kusuka. Kaka akakaa mbele na sanduku lake mapajani.

"Haya, sema," dada akasema, hata bandari haijapotea nyuma yao.

"Ngoja tufike penye samaki."

Wakafika. Fulusi hupenda kivuli, na palikuwa na pipa la plastiki la buluu lililochukuliwa na maji, limeota majani, linaelea peke yake katikati ya bahari kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Chini yake, dhahabu tupu. Kundi zima.

"Nizime injini?"

"Zima, zima! Usipige kelele!" Kaka alikuwa amekwisha kusimama. Akafunga chambo cheupe. Akarusha. Fulusi wawili wakaja mbio, wakakitazama, wakageuka. Akakata. "Cheupe hakifai na jua hili." Akafunga cha kijani. Wakaja, wakageuka. Akakata. Kikubwa mno, kitawatisha. Kidogo mno, hawakioni. Akafunga kile cha kichwa cha kandambili, kikapiga maji pwaa! na samaki wakatawanyika kama watoto waliosikia gari la baba.

"Kaka, huyu ni samaki au ni bwana harusi? Mbona unamchagulia nguo?"

"Wewe hujui mambo haya. Kosa si manyoya, kosa ni uzi." Akavua uzi wa kuelea, akavisha wa kuzama. Kisha fimbo nayo ikawa nzito, akachukua nyepesi. Kisha nyepesi akaiona haitamweza samaki mkubwa, akarudia ile nzito. Jasho likamtoka. Kila alipokata chambo alifungua kinywa, "Unajua, mdogo wangu, mwaka ule..." na kila mara uzi ukajikunja, au jua likampiga machoni, au fundo likakataa kukaza. Na hata maneno alikuwa anayajaribu hivyo hivyo moyoni. Yale makali yatamtisha. Yale laini hatayasikia. Aanze na habari za baba? Aanze na mvua?

Ndugu zangu, mmeona mtu anavyoweza kuhangaika asubuhi nzima bila kufanya kitu?

Basi katika kubahatisha, kile chambo cheupe, kile kile cha kwanza, kikamezwa. Fulusi akaruka juu mara mbili, akaivuta fimbo ikapinda kama upinde. Kaka akapiga kelele ya furaha, akamvuta taratibu hadi ubavuni mwa boti. Halafu hakumtoa. Aliukaza uzi pembeni, akamwacha mle majini, akarudi kwenye sanduku.

"Humtoi?" dada akauliza.

"Simtoi. Hawa ni samaki wa kundi. Mmoja akibaki hapa kwenye ndoana, wenzake hawaondoki. Ndivyo tunavyofanya. Ngoja nichague cha fimbo ya pili."

Dada akainama, akamtazama samaki. Alikuwa anazunguka. Anakwenda mpaka uzi unapomwishia, anarudi. Anakwenda, anarudi.

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Huyu mwenye ndoana mdomoni. Yeye anangoja nini?"

Kaka akacheka bila kuinua uso. "We nawe! Si samaki tu?"

"Uliniambia una neno," dada akasema. Hakupandisha sauti. "Nimeacha mizigo haijafungwa, nimekuja. Tangu tutoke bandarini nangoja. Umebadilisha manyoya, nikangoja. Umebadilisha uzi, nikangoja. Fimbo, nikangoja. Huyu samaki ni mimi, kaka. Umenitia ndoana kwa neno lako, halafu umekwenda kuchagua."

Kaka akabaki na unyoya wa jogoo kidoleni. Na mnajua alisema nini? Baada ya miaka yote ile? Alisema, "Subiri kwanza nifunge sanduku."

Dada akaiacha injini. Akaja mbele, boti ikayumba, akalichukua sanduku mikononi mwake, akalifunga, akaliweka chini, akalikalia.

"Limefungwa. Sema."

Mikono ya kaka ikawa haina pa kwenda. Akaishika fimbo, akaiweka. Akafuta viganja kwenye suruali. Maneno yote aliyoyashona wiki nzima, hakuliona hata moja.

"Siku ile sikuwa baharini," akasema. "Nilikuwa ndani. Nilikusikia."

"Najua."

"Unajua?"

"Redio ilikuwa inatangaza mpira. Nilipobisha, ikazimwa."

Kaka akakaa chini. Miaka yote hiyo! Dada amekula pilau mezani kwake. Amewashika watoto wake. Amemsikia akieleza ukoo mzima hali ya bahari ilivyokuwa siku ile, upepo na mawimbi, na akanyamaza.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Lilikuwa langu la kusema?"

Samaki alikuwa akikwaruza ubavu wa boti. "Mtoe ndoana," dada akasema. Kaka akainama, akaitoa kwa mkono wake mwenyewe, ikamchoma kidole, damu ikatoka kidogo. Fulusi alitulia pale kitambo, kama asiyeamini. Kisha akaenda, na kundi lote likamfuata. Wakarudi bandarini bila samaki hata mmoja. Boti ilipogusa mchanga dada akashuka, akamgeukia kaka.

"Basi ni kesho alfajiri. Masanduku ni mazito."

Akaenda zake.

Nawaona nyuso zenu. Mnataka kuniuliza: je, alimsamehe? Ona tulivyo wepesi! Habari ni ya kaka, sisi tunamdai dada jibu. Mimi sijui kama alimsamehe. Ninalojua ni kwamba alitaja masanduku, na kwamba alfajiri ile mtu mmoja alikuwa ameketi nje ya mlango wake kabla yeye hajaamka, amefunga kidole kitambaa, anangoja kubeba. Na safari hii aliyebisha alikuwa ni kaka.

Sasa tuzungumze habari zetu, maana sisi si wavuvi. Sisi tuna Jumapili ya Upatanisho wiki ijayo. Kamati imekutana, imekutana, na imekutana. Tumechagua mahema. Tumechagua keki. Tumegombana kama vitenge vya kwaya viwe vya kijani au vya buluu, na kuna akina mama wawili humu ndani ambao hawasalimiani hadi leo kwa sababu ya vitenge vya upatanisho. Mnacheka? Chekeni, ni manyoya yetu wenyewe.

Na wakati tunachagua, kuna mtu anazunguka. Tulimwambia, "Tutakaa tuzungumze." Tulimwambia mwaka jana. Ni mama mkwe, ni mwanao wa nje, ni jirani uliyemshuhudia uongo. Yuko kwenye uzi wako, anakwenda na kurudi, na wewe unatafuta maneno mazuri. Unafikiri unamficha nini? Hakuna anachongoja kukijua. Alikuwa mlangoni. Alisikia redio ikizimwa. Na Mungu unayemwimbia kwa sauti nne naye alisikia.

Kwa hiyo kwaya, naomba mkae. Wenye vikapu vya sadaka, rudini mlipotoka. Hatuimbi sasa, wala hatutoi chochote, mpaka walio na neno wageuke kwenye benchi zao wamtafute anayelingoja. Msiseme vizuri. Semeni tu.

Sanduku nimelikalia mimi. Haya.