Kibwengo Aliyeshukuriwa

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga na kupika kama sisi, kibwengo mmoja alihamia nyumbani kwa Nyati.

Kibwengo ni kiumbe kifupi kama mchi, mwenye masikio ya popo, na hana kazi ila uchokozi. Asubuhi alitia mchanga kwenye uji wa ndama. Adhuhuri alimfunga Bi Nyati mkia kwenye mguu wa kitanda. Nyati akimrukia kwa pembe, puu! ukuta unaanguka, na kibwengo yuko juu ya paa anacheka.

"Kwi kwi kwi! Tena, mjomba, tena!"

Siku ya nne ulibaki ukuta mmoja tu, na paa limeshikwa na nguzo.

"Basi!" Nyati akanguruma. "Mchana yuko kwetu, lakini usiku vibwengo hulala mikuyuni. Naenda kuuangusha mkuyu ule pale nje, tuone atalala wapi."

Aliyekaa kwenye mkuyu ule ni Kindi, na siku hizo alikuwa na wachanga watatu. Aliposikia, hakukawia. Akateremka, chakacha chakacha, mpaka uani kwa Nyati.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Hamisha wanao."

"Niwapeleke wapi, na macho hayajafunguka? Nipe mpaka jua litue. Nikishindwa, uangushe."

"Mimi mwenye pembe nimeshindwa, sembuse wewe!"

"Kelele zenu ndizo zinazomnenepesha, bwana. Leo, afanye atakalofanya, nyamazeni. Niachieni mimi maneno," Kindi akanong'ona.

Hawajamaliza, kibwengo akalipindua kapu la mbegu za mbaazi. Waaa! Zikatapakaa shamba zima. Bi Nyati akafunua kinywa apige ukunga; Kindi akamkanyaga kwato.

"Ahsante sana, bwana mdogo!" Kindi akapaza sauti. "Tulikuwa tukiwaza nani atatupandia kabla ya mvua!"

Kibwengo akakunja uso. "Nimewapandia? Mimi?"

Akainama, akaziokota zote, moja moja, akazirudisha kapuni. Kisha akapanda juu, akayang'oa makuti ya paa. Charara!

"Afadhali!" akasema Kindi. "Yalikwisha kuoza yale. Na hizi kuta zilizoanguka, lo, upepo tunaoupata! Mungu atuepushe na kuta."

"Eti eh?" kibwengo akafoka.

Akakanda udongo, akazisimamisha kuta zote. Akakata makuti mabichi, akaezeka upya, jasho likimtiririka masikioni. Nyati alikuwa amejaza nyasi kinywani ili kicheko kisimtoke. Jua lilikuwa limeanza kushuka.

Kindi akageuka. "Bi Nyati, mtandikie mgeni wetu. Fundi kama huyu tutampata wapi? Akae hapa maisha, asituache kamwe!"

Kibwengo akautupa chini udongo uliobaki, pwa!

"Nisiwaache? Ng'o! Nitawakomesha!"

Akatimua mbio, akavuka mto bila kutazama nyuma, na tangu siku ile hakuonekana tena upande huu.

Nyati akatema nyasi. Akazigusa kuta mpya kwa pua, akalitazama paa, kisha akamtazama Kindi.

"Nenda," akasema taratibu. "Nenda kawanyonyeshe wanao."

Basi kumbukeni: mchokozi hula kelele zako; ukimnyima, atahama mwenyewe.