Jiwe la Chumvi la Nyati na Kifaru

Hapo zamani za kale, siku ambazo ng'ombe alikuwa na nyumba yake na masufuria yake, Bi Ng'ombe aliishi bondeni jirani na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Kale kamnyama ka majabalini, hakana mkia, lakini mdomo wake sasa! Kazi yake ilikuwa ukunga.

Asubuhi moja Bi Pimbi akaenda kumjulia hali jirani yake, maana jirani huyo alikuwa mjamzito. Akasikia jikoni: kacha-kacha! Kacha-kacha! Kuchungulia, Bi Ng'ombe anatafuna mfupa.

"Hee! Shoga, umekuwa fisi tangu lini?"

Bi Ng'ombe akaona haya, akauficha mfupa nyuma ya kinu. "Ah, hamu za mimba tu. Juzi nimelamba ukuta. Jana nimekula kiatu."

"Na chakula unakula?"

"Nakula, nashiba! Huoni majani yalivyojaa bondeni? Tumbo hili utasema pipa."

Bi Pimbi hakucheka. Alikumbuka mwaka uliopita. Ndama wa Bi Ng'ombe alizaliwa na miguu laini, hakusimama hata mara moja, akafa siku ya pili. Mama mtu naye alilala siku tatu hawezi kuinuka. Bi Pimbi alilia sana, na hakutaka kulia vile tena.

"Nisikilize," akasema. "Majani yanajaza tumbo tu. Mtoto anajenga mifupa humo ndani, na anachota kwako. Wewe huna cha kuchotwa, ndiyo maana unahangaika na mifupa. Unahitaji jiwe la chumvi, lenye madini ya kujenga mifupa, na uanze kulilamba leo. Umebakiza miezi miwili."

Bi Ng'ombe akaanza kulia. "Si lile la mlimani, kwa Nyati na Kifaru? Mwezi jana nilikwenda kuomba nilambe kidogo tu. Wakaniambia ile chumvi ni ya wanaume wenye pembe, si ya wenye matumbo. Wakanifukuza, shoga, na hali yangu hii!"

"Wamemfukuza mjamzito?" Bi Pimbi akajifunga kanga kiunoni. "Chukua makapu yako, ukae pale chini ya mteremko. Kitu kikiporomoka, okota. Usiniulize."

Akapanda mlima, chapu-chapu-chapu. Huko juu akawakuta wakubwa wale kando ya jiwe lao, wanabishana kama kawaida yao.

"Mimi ndiye mwenye kichwa kigumu!" alinguruma Nyati.

"Kichwa hicho? Hicho ni cha kubebea kuni!" Kifaru akamjibu.

"Shikamooni, wazee," alisema Bi Pimbi.

"Marahaba, mkunga. Hebu tuamue wewe!"

"Nguvu haziamuliwi kwa maneno, wazee wangu, zinapimwa. Lipigeni hilo jiwe, mkielekea bondeni. Atakayerusha vipande mbali zaidi ndiye bingwa. Mimi nitashuka nikapime. Ninyi msishuke, mtavuruga alama."

Nyati akakuna sikio. "Na jiwe letu je?"

"Jiwe kubwa hivyo liishe? Au unamwogopa Kifaru?"

"Nani? Mimi? Shuka ukapime!"

Gubu! Nyati akapiga. Vipande vikaporomoka, poropoporopo, hadi miguuni pa Bi Ng'ombe. Gubu! Kifaru naye. Poropoporopo! Bi Ng'ombe anaokota, anatia kapuni, na mkono mdomoni asicheke.

"Mmelingana!" Bi Pimbi alipaza sauti kutoka chini. "Rudieni!"

Gubu! Gubu!

"Lo! Mmelingana tena! Rudieni, wazee, msichoke!"

Mpaka alasiri, makapu manne yalikuwa yamejaa, na vipaji vya nyuso za wale wawili vimevimba. Wakajilaza wamejibandika majani mabichi.

"Hamkuachana hata unyayo," Bi Pimbi akawaambia alipopanda tena. "Nipeni muda nifikiri. Jibu nitawapa."

Kuanzia siku hiyo Bi Ng'ombe alilamba jiwe lake asubuhi na jioni. Wiki ya tatu mifupa hakuitaka tena, ukutani hakwenda. Akaendelea kulamba vivyo hivyo hadi uchungu ulipomshika.

Bi Pimbi akaja mbio. Ndama akatoka, akalala pale chini, kimya. Bi Pimbi akapiga magoti kando yake.

"Simama, baba," alimbembeleza. "Simama, mwanangu."

Ndama akajitikisa. Akainua matako, akaanguka, pu! Akajaribu tena. Miguu ikatetemeka, ikakaza, akasimama! Akaenda moja kwa moja kunyonya. Mama yake naye alikuwa wima, anamlamba mgongo. Bi Pimbi akalia tu, safari hii kwa furaha.

Mara wakatokea Nyati na Kifaru.

"Wewe mkunga!" Nyati akafoka. "Miezi miwili tunangoja jibu! Nani ameshinda?"

Bi Pimbi akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akamwonyesha ndama.

"Huyo hapo."

Nyati akamtazama ndama, akalitazama kapu lenye vipande vya jiwe lake, kisha akamgeukia Kifaru. Wote wawili wakapapasa nundu za vichwa vyao.

Basi wanangu, shikeni hili: anayetaka ndama asimame, ampe mama wa ndama jiwe la chumvi kabla hajazaa.